Mji wa Kumtoa Mama Samail

Mama hajawahi kutuambia kwamba hataki kusafiri. Husema magoti tu. Salala aliikataa kwa magoti, Istanbul kwa magoti, na mwaka jana tulipomwomba aende Sur kwa kaka yangu siku tatu tu, magoti yalianza kuuma hata hatujamaliza maneno. Kwa hiyo tulipotaja Hispania naye akajibu, "Haya, chagueni mji, nitaangalia," sisi wanawe watatu tuliingiwa na wazimu wa furaha. Ila tulijua: tukikosea mji, magoti.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, tulikutana kwake kwa chakula kama kawaida. Kaka alikuja kutoka Sur, dada kutoka Ibra. Mimi sikutoka popote. Naishi naye hapo Samail na kila asubuhi nakwenda kazini Nizwa. Na mimi ndiye mtu wa orodha. Nilikuwa na daftari jipya, kalamu nyekundu na ramani niliyoichapa ofisini, nikakataza mtu kuigusa kwa mikono ya wali. Kaka akaigusa.

"Barcelona," alisema, akaacha doa la samli baharini. "Mama ataona uwanja wa mpira, wallahi ni mkubwa!"

"Una ngazi?" Mama aliuliza, akashika goti la kushoto. Barcelona ikafutwa.

Dada yangu ni mwalimu, na alikuja na Andalusi yote kichwani. "Granada, Mama, kuna jumba la wafalme wa Kiislamu, maji yanapita kwenye mifereji mpaka uani."

"Kama falaji."

"Falaji khasa!"

Mama akageuka kutazama falaji letu, mfereji wa maji ya mashamba unaopita nyuma ya jiko tangu hajaolewa katika nyumba ile. "Mmh," alisema.

"Na Kordoba kuna msikiti mkubwa."

"Tutasali humo?"

"Hapana, siku hizi ni kanisa."

"La haula! Na joto la huko mwezi wa nane?"

Dada akatazama simu, akasita. "La Nizwa, Mama. Pengine limepungua kidogo."

Zamu yangu ikafika, na nilijivuna kweli, maana huo mji niliutafuta wiki nzima. Unaitwa Elche. "Una msitu wa mitende katikati ya mji," nilitangaza. "Mitende mitupu!"

Mama alinitazama kwa huruma. Nyuma yake dirisha zima lilikuwa mitende. Akaanza kuyasugua magoti yote mawili.

Hapo ndipo nilipoona tulichofanya. Watu wazima watatu, wenye kazi zetu, tumeipekua Hispania nzima tukamchagulia Mama Samail ileile. Nilipandwa na hasira, zaidi kwa sababu Elche nilikuwa nimeipigia mistari miwili. Nikampigia wakala wa safari wa Maskati, aliyesema tumsumbue hata Ijumaa, nikaweka spika. Alitusifia kwa Kiarabu fukwe zote za kusini, halafu, ili tujue ni mkweli, akaongeza: "Ila kaskazini, Galisia, siwashauri. Huko ni mvua. Hata kiangazi inanyesha."

Sisi ni watu ambao wingu likionekana upande wa Fanja tunapigiana simu. Kaka yangu huendesha gari saa nzima kwenda kutazama wadi ikishuka, bonde kavu likijaa maji. Na bwana huyu alikuwa anatuomba radhi kwa mvua.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Akaliweka chini.

"Muulize mvua ya namna gani. Ya kupita au ya kukaa?"

Nikauliza. "Yaweza kukaa siku nzima," wakala alisema kwa unyonge. "Samahani sana."

"Na mapaa yao ya nini?"

Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hilo. "Vigae," alisema mwisho.

"Si bati," Mama alisema, "lakini itasikika."

Kisha akatuambia. Kwao Bujumbura nyumba ilikuwa ya bati, na mvua ikishika, mama yake akisema kitu hasikiki, basi wanabaki kutazamana na kucheka. Aliletwa Omani ana miaka kumi na mitano. "Tangu siku hiyo sijalala na mvua juu yangu usiku kucha," alisema, akarudi kwenye chungwa lake.

Najua dawa zake zote na saa za kuzimeza. Hili sikulijua.

"Bado mpo?" wakala aliita kwenye simu. "Niwatafutie penye jua?"

"Hatutaki jua!" kaka alipiga kelele. "Tunataka mvua!" Dada alikuwa anacheka na kulia pamoja, akaifuta Granada yake mwenyewe, kwa kalamu yangu. Tulipiga makofi kama wenye harusi. Yule bwana lazima aliona tumerukwa na akili.

Nilipotulia nikafungua ukurasa mpya wa vitu vya kuchukua. Nikasoma kwa sauti: makoti, viatu vya kufunika, miavuli minne.

"Mitatu," Mama alisema. "Nifunge safari yote ile niende nikajikinge?"

Nikasubiri nisikie habari ya magoti. Hakuyataja. Aliinuka bila kushika ukuta, akaenda chumbani kutafuta pasipoti yake.

Nikakata minne, nikaandika miwili: wa kaka na wa dada.