Annonciata na Mahema ya Kulipia

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Annonciata Wabiwa anashuka kwenye basi la kwanza kutoka Ilford, mashariki mwa London, anaruka dimbwi la maji kwa wepesi usiotarajiwa kwa mtu wa umbo lake, na kuingia msituni. Mbele yake, chini ya mialoni, wakazi wa mahema tisini na mawili bado wanakoroma.

Kazi yake ni usafi wa vyoo na mabafu, lakini haanzi na vyoo. Anaanza na kamba. Anapita hema baada ya hema, anavuta kamba kwa kidole kimoja, anatikisa kichwa. Kigingi kilicholegea anakigonga kwa nyundo ya mpira, taratibu, asimwamshe mwenyewe.

"Huyu alifunga kamba ya hema sawa na ya kiatu," ananong'ona mbele ya hema moja la kijani. "Mvua ikikuja, ataogelea."

Leo, hata hivyo, hema linalomsumbua si la mteja. Liko pembeni, limekunjwa ndani ya mfuko mwekundu, na ni lake. Usiku huu inambidi alale ndani yake na binti yake, Plamedie, mwenye miaka tisa. Akiweza, atapata kazi ya mwaka mzima. Akishindwa, kambi ikifunga msimu, Oktoba itamrudisha kufuta meza za ofisi katikati ya London.

"Vyoo mia moja nitaosha bila kupumzika," anasema mama huyu wa miaka arobaini na moja. "Lakini hema! Niliapa."

Kiapo hicho kina historia. Mwaka 1996, vita vilipofika Fizi, mashariki mwa Kongo, Annonciata, mumewe Philippe na mama yake mzazi walivuka ziwa na kuishia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania. Walikaa humo karibu miaka mitatu, chini ya turubai moja. Plamedie alizaliwa chini ya turubai hilo. Wiki tatu baadaye, katikati ya masika, mama mzazi wa Annonciata alifia hapo hapo.

"Siku tuliyotoka nilisema, mimi na hema, basi. Hata harusi yenye hema sitakwenda," anasema. Na kweli, amekosa mapilau mengi kwa ajili hiyo.

Walifika London mwaka 1999. Karatasi za ukaaji zilitoka miaka mitatu baadaye, na majira ya kuchipua ya 2003 akasikia kuna kazi ya usafi kwenye bustani moja ya msitu, ukingoni mwa jiji. Aliambiwa kuna miti, hewa safi na wateja wapole. Hakuna aliyemwambia wateja wenyewe wanalala wapi.

Ilikuwa wikendi ya Pasaka. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi inauma. Annonciata aliingia na ndoo yake, akasimama pale pale.

"Niliona wazungu banapika inje, banachuchumaa. Watoto miguu matope tupu. Mama mmoja amepanga foleni ya maji na dumu, mtoto mgongoni. Nikasema, Mungu wangu, hawa nao nani amewafukuza?"

Kwa nini hakuuliza? Hapo anamtazama mwandishi wa makala hii kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiyejua adabu. Kambini mtu haulizwi alichokikimbia. Atasema mwenyewe siku moyo wake ukitulia. Kabla ya hapo, unamletea chakula, unanyamaza.

Ndivyo alivyofanya. Jumapili ya Pasaka alisimama kanisani kwao na kuwaeleza akina mama kwamba kuna wakimbizi wapya, Waingereza, hali yao mbaya sana. Kanisa likaguswa. Jumatatu asubuhi Annonciata na rafiki yake Mama Shekinah walipanda basi na sufuria kubwa ya maharage, bunda la chapati, mablanketi tisa na mfuko wa soksi za watoto.

Wageni walipokea kwa shukrani nyingi. Walidhani ni huduma ya kambi. Maharage yaliisha, soksi zikavaliwa, na baba mmoja akauliza kama kesho yake kutakuwa na kifungua kinywa pia.

Aliyeokoa jahazi ni Serah, muuguzi Mkenya aliyekuwa amekuja kupiga kambi na marafiki wa hospitalini. Alisikia Kiswahili, akatoka hemani mbio, na baada ya salamu akaelezwa shughuli nzima.

"Enyewe nilicheka mpaka nikakaa chini kwa matope," anakumbuka Serah. "Nikamwambia, Mama, hawa hawajafukuzwa na mtu. Hii ni likizo. Wamelipa."

"Bamelipa balale chini?" Annonciata alitaka uhakika.

"Wamelipa, na wengine walibook tangu Disemba."

Mablanketi yalirudi kanisani. Chapati hazikurudi. Mpaka leo Mama Shekinah akimwona Mwingereza amebeba mkoba mkubwa mgongoni humwambia Annonciata, "Mkimbizi wako yule."

Aliyefikiri angeacha kazi hiyo amekosea. Annonciata alibaki, akaanza kuwachunguza wateja wake kwa jicho la mtaalamu, na alichokiona kilimkera. Hawakujua kufunga kamba. Walisimika hema bondeni, mlango ukitazama upepo. Mmoja alikata tawi la mwaloni ili achome soseji, na Annonciata akamfuata na ufagio.

"Kule Kigoma tulikata miti mpaka ikaisha, sababu ya shida. Huyu niko na hakika jiko la gesi analo!"

Akaanza kurekebisha, kimya kimya, asubuhi kabla ya vyoo. Agosti mwaka juzi dhoruba ilipopiga, mahema kumi na moja yalilala chini. Meneja, Tony, Mlondoni mwenye ndevu za kijivu, alipita akihesabu hasara na kugundua jambo la ajabu: katika safu nne ambazo msafishaji wake huzipitia kila asubuhi, hakuna hata moja lililoanguka.

"Nina vyeti vya mafunzo ya nje ukutani kwangu," anasema Tony. "Hakuna kilichonifundisha fundo lile la mama huyu."

Mwezi uliopita Tony akampa ofa. Kambi inataka msimamizi wa vikundi vya shule, ajira ya mwaka mzima, paundi saba kwa saa badala ya tano na peni chache. Kazi ni kuwafundisha watoto kusimika mahema, kuwasha majiko na kuheshimu msitu. Lakini msimamizi hulala na kikundi, hemani, siku mbili kwa wiki. Tony anaijua habari ya Kigoma. Akasema asikubali wala asikatae kabla ya kujaribu usiku mmoja, na jibu alitaka Jumatatu hii, mwisho wa Agosti 2006.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Annonciata hakulala siku tatu, na hiyo ni ndani ya nyumba. Philippe alipoombwa waende wote alisema yeye atalinda nyumba. Plamedie, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alifunga begi lake tangu Jumatano.

Jioni wanasimika hema wawili. Dakika saba. Watalii wa jirani, wanaohangaika na lao kwa saa nzima, wanaacha kazi na kutazama. Kamba zote zimekaza, maji hayana pa kupita. Kisha Annonciata anabaki amesimama mlangoni, mkono juu ya zipu, muda mrefu.

"Mum, come on," anaita mtoto kutoka ndani.

Mwandishi anaaga.

Jumapili saa mbili asubuhi, mbele ya mabafu kuna foleni ya watu ishirini hivi, taulo mabegani, miswaki mikononi. Wa mbele amevaa pajama na buti za mvua. Milango ilipaswa kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, na kwa misimu minne haijawahi kuchelewa. Funguo anazo Annonciata.

Tony ameketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya hema, kikombe cha chai mkononi, akimzuia kila anayekuja kumwamsha. Ndani inasikika mikoromo miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

"Asiguse mtu," anasema. "Wasubiri. Wako likizo."

Saa mbili na nusu zipu inafunguka. Annonciata anatoka na kitenge chake, anaiona foleni, anashika kichwa.

"Yesu wangu! Mabafu!" Anakimbia na ndala moja.

Baada ya kufungua anakaa kwenye gogo, anacheka, kisha anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Saa ya kwanza nilikuwa nashika mti wa hema kwa mikono mbili," anasema. "Njo hapo huyu mtoto ananiuliza: Mama, ulinizaa ndani ya kitu kama hiki? Miaka tisa sikumwambia kitu. Nikaanza. Turubai letu, masika, bibi yake alivyompokea mikononi na kumwimbia. Nilipofika pa bibi kuugua, namwangalia, amesinzia. Nikasema, bon, nitamalizia kesho. Na mimi nikasinzia."

Kazi ameikubali. Anapanga kuanza na shule ya Plamedie mwezi wa tano mwakani, baridi ikishaisha, na kabla ya hapo kuwaleta akina mama wa kanisa, ambao saba kati yao wamekubali na Mama Shekinah ametoa sharti la godoro.

Tony anamkumbusha kwamba jaribio lilikuwa la usiku mmoja, anaweza kulikunja hema na kurudi Ilford. Annonciata anatikisa kichwa. Ameshampigia Philippe simu: yeye na binti yake watalala hapa leo tena, kwa sababu hadithi haijaisha.