Mbuzi wa Buna na Mabwana wa Linux

Nilifika Garissa juu ya lori la mbuzi. Nilikuwa nimetoka Moyale, mji niliokaa nikitengeneza simu mpaka nikauchoka, kama nilivyoichoka Namanga na Lodwar kabla yake. Siku niliyoamua kuondoka basi lilikuwa limeharibika, na mimi nikishaamua kuondoka siwezi kungoja spea. Dereva wa lori alinionyesha mabomba ya chuma yaliyopita juu ya mifugo, akaniambia nikae pale, nishike sana, nisisinzie. Begani nilikuwa na laptopu iliyopasuka kona, nguo mbili tatu, na flashi yenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Niliamini kwamba mtu mwenye vitu hivyo hawezi kulala njaa mahali popote penye umeme. Mahali pasipo na umeme sikuwa nimepafikiria.

Njiani, mjini Buna, tulisimama kupakia mbuzi zaidi. Dalali mmoja mwenye fimbo alimkaribia mzee aliyeleta mbuzi wake, akamshika mmoja mgongoni, akauondoa mkono kama aliyegusa uchafu. Abiria aliyekaa nami kwenye bomba alinitafsiria.

"Anasema hii ni ngozi tu, mbuzi hayuko ndani."

Mzee aliruka. Alipiga kelele, akaapa, akahesabu kwa vidole. Mama wa huyo mbuzi alizaa mapacha wakati wa ukame. Alichungwa wapi, alikunywa kisima gani, aliugua mapafu lini na alipewa dawa gani, yote yakatoka. Dalali alikuwa ametazama upande mwingine kama mtu anayengoja mvua. Nilidhani watapigana. Badala yake walishikana mikono chini ya shuka, wakapatana bei kwa kubinyana vidole, na mbuzi akapandishwa.

"Mbona alimtukana mbuzi, kisha akamnunua?" niliuliza.

"Asiyemtaka angempita tu," jirani yangu alisema, kana kwamba nimemuuliza jua linachomoza wapi.

Kutoka hapo ni vumbi, Wajir, vumbi tena, pancha mbili, na chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi ambayo bado naitafuta katika kila mji ninaopita na siipati. Garissa tuliingia asubuhi. Nilishuka nikinuka mbuzi hivi kwamba mbwa walinifuata.

Kazi niliipata kwa mama mmoja aliyekuwa na duka la mtandao karibu na maofisi. Kabla ya hapo alikuwa ameuza mbuzi sokoni miaka mingi, na wateja aliwatazama kama mbuzi: meno kwanza.

"Wewe fundi?" aliniuliza. "Fundi gani iko na laptop imepasuka? Fundi wa mwisho pia alisema anajua."

Kesho yake alinipa ufunguo.

Kompyuta zake zilikuwa nne, tatu za mezani na laptopu moja yenye kamera. Zote zilikuwa zimejaa virusi vilivyoletwa na flashi za wateja. Nilizifuta, nikaweka Linux, na zikaanza kukimbia. Wateja walilalamika siku chache kwamba vitufe vimehama, kisha wakazoea. Mama hakunisifu. Alisema tu kwamba feni sasa hazipigi kelele sana.

Lakini Linux haikai peke yake. Ukiweka Linux utahitaji watu wa kuuliza, na watu hao wanakaa kwenye kundi la mtandaoni. Kundi langu lilikuwa la Wakenya, mamia yao, na sijapata kuona watu wengi kiasi kile wenye mashine nzuri kiasi kile wakifanya kazi ndogo kiasi kile. Asubuhi walisalimiana kwa kuonyeshana mashine zao zimewaka siku ngapi bila kuzimwa. Mchana walituma picha za skrini: mandhari nyeusi, saa, hali ya hewa ya Nairobi, na dirisha moja la kuandikia amri ambalo halijaandikwa kitu. Jioni waligombana ni toleo gani la Linux linalomfaa mwanamume.

Wakubwa wa kelele walikuwa watatu. Msimamizi wa kundi alifanya kazi benki huko Nairobi na alizungumza kama aliyeiumba Linux akiwa darasa la nne. Yule wa Nakuru alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote: futa, weka upya. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Juja, ambaye kila swali alilijibu kwa swali.

Mimi nilikuwa kichekesho chao. Garissa umeme ulikuwa ukikatika utakavyo, kwa hiyo mashine zangu hazikuwahi kumaliza siku mbili zikiwa zimewaka.

"Buda wa Garissa, leo umefikisha saa ngapi?" aliandika wa Nakuru.

"Nne."

"Manze! Seva inabebwa na ngamia?"

"Ngamia amesimama kunywa maji," alijibu wa Juja. "Atarudi Alhamisi."

Hakuna kati yao aliyewahi kuvuka daraja la mto Tana kuingia Garissa. Msimamizi aliwahi kuniuliza kama kuna lami. Nilimjibu kwamba ipo, na pia tuna vijiko.

Wiki moja walinicheka kwa sababu nilikuwa bado kwenye toleo la zamani. "Aibu," msimamizi aliandika. "Hiyo ni makumbusho." Basi nikapandisha kompyuta zote toleo jipya, zikakubali, nikatuma picha, wakaweka vidole gumba. Hakuna aliyeniambia nijaribu maikrofoni, na dukani kwetu hakuna aliyewahi kuitumia.

Siku chache baadaye aliingia binti wa dada yake mama mwenye duka, mwalimu wa shule ya msingi huko Hagadera, kambi ya wakimbizi. Alizaliwa kambini, alisoma kambini, alifundisha kambini, na sasa alikuwa ameitwa usaili wa kusomea ualimu chuo kikuu ng'ambo. Usaili ulikuwa wa mtandaoni, alasiri ile ile. Waliandika wazi kwamba simu haikubaliki, ni kompyuta yenye kamera na sauti, na asiyeonekana saa yake nafasi inapewa mwingine. Mtandao wa kambini haukuaminika, kwa hiyo aliomba kibali cha kusafiri, na kibali kilikuwa kinaisha kesho. Alikuja na baibui iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali.

"Habaryar," alimwambia mama mdogo wake, "hii kompyuta ni nzuri?"

"Ni mbaya," mama alisema. "Lakini ndiyo iko."

Tuliijaribu. Picha yake ilitokea safi. Alisema jina lake, akasema tena, akainua sauti. Upande wa pili wa jaribio paliandikwa kwamba hakuna sauti inayofika. Niligusa kila kitu nilichokijua. Niliizima na kuiwasha. Nilitembea hadi maduka mengine mawili, kompyuta zao hazikuwa na kamera. Niliporudi mwalimu alikuwa amekaa vile vile mbele ya skrini, akijitazama akisogeza midomo.

Nikaandika kwenye kundi, kwa heshima zote nilizofundishwa shuleni. Habari za mchana ndugu zangu. Maikrofoni imekufa baada ya toleo jipya. Kuna dada ana usaili alasiri. Naomba msaada.

"Tuma logi," alisema wa Juja.

"Logi gani?"

"Wewe unadhani gani?"

"Futa, weka upya," alisema wa Nakuru. "Dakika ishirini."

"Kwangu inafanya kazi," alisema msimamizi.

"Umesoma mwongozo?" aliuliza wa Juja.

Nilisema kwamba mwongozo ni mrefu na mchana ni mfupi. Hapo mtu akataja ule mfumo mpya wa sauti, mwingine akasema ule wa zamani ulikuwa bora, na wakaniacha. Nimeshaona wanaume wakigombania maji na malisho, na nikawaelewa. Wale walikuwa wakigombania programu za bure. Jumbe zilipanda kwenye skrini yangu mpaka swali langu halikuonekana tena. Katikati yake wa Nakuru alituma picha ya paka.

Adhana ya adhuhuri ilipita. Mama alirudi kutoka kuswali, akasimama nyuma yangu.

"Wanasema nini?"

"Wanagombana."

"Umewaambia nini?"

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sauti puani.

"Warya, kijana, wewe unaandika naomba. Nani anapewa kitu kwa soko kwa kuomba? Watu wanaona wewe maskini, wanapita. Hiyo kitu yao, dharau!"

"Nidharau Linux?"

"Kwani ni mama yako?"

Nilimkumbuka yule mzee wa Buna akihesabu kwa vidole. Nikaandika hivi: Nimechoka. Linux ni takataka. Miaka yote hii na bado haiwezi kumsikia mtu akisema jina lake. Alasiri naweka Windows kwenye kompyuta zote nne za duka hili, na nitawaambia maduka yote ya Garissa wafanye hivyo hivyo.

Kundi likalipuka.

"Takataka ni wewe!" aliandika msimamizi. "Kadi yako ya sauti ni ya aina gani? Andika amri hii uone kama inaonekana. Mjinga."

"Inaonekana," nilisema. "Haina maana. Windows ingekuwa imeshafanya kazi."

"Usituletee upuuzi hapa!" aliandika wa Nakuru, na kwa mara ya kwanza hakusema futa. "Fungua ile programu ya kupanga sauti. Kama huna, iweke, ni ndogo."

"Nimeiweka. Ni mbaya hata kuitazama."

Wa Juja ndiye aliyeniokoa, kwa hasira ambayo niliisikia hata kwenye maandishi. Alituma picha ya skrini yake mwenyewe na mduara mwekundu. "We msee hujui kitu. Nenda ukurasa wa mwisho. Angalia kadi imepangwaje. Toleo jipya huiweka kutoa sauti peke yake. Weka kutoa na kupokea. KUTOA NA KUPOKEA. Halafu urudi hapa uombe Linux msamaha."

Nilienda ukurasa wa mwisho. Kompyuta ilikuwa imepangiwa kusema tu, si kusikia, jambo ambalo wale mabwana walipaswa kuligundua mara moja kwa kujitazama. Nilibadilisha. Mwalimu alisema jina lake, na jina lake likarudi kwenye spika, jembamba kidogo, na la kwake.

Alifunika mdomo kwa mkono. Mama alisema spika zake zina mkwaruzo.

Alasiri tulifunga mlango tukakaa nje, mimi na mama, kwenye kiti kimoja kirefu, tukiwafukuza wateja. Tulisikia sauti ya mwalimu ukutani, mara polepole, mara ikikimbia, na wakati mmoja akacheka. Mama hakuelewa maneno, yalikuwa ya Kiingereza, lakini alipomsikia akicheka aliniambia, "Wamemnunua." Na kweli walimnunua, ingawa jibu lilichukua miezi.

Kundini niliandika neno moja: imekubali. Walingoja msamaha. Sikuuomba. Msimamizi akaniuliza kama bado naweka Windows, nikamwambia sikuwa hata na nakala yake. Alipoelewa alichofanyiwa aliniondoa, na sababu aliyoiandika ni uchochezi. Wanaume waliokosa dakika tano za kumsaidia mwalimu walipata siku nzima, nasikia, ya kujadili tabia yangu.

Mwalimu alisafiri. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala alimpigia mama mdogo wake kwa ile laptopu, na mama alikaa mbele ya kamera akimwambia amekonda. Ila kila umeme ulipokatika ule mpangilio wa sauti ulirudi kwenye kutoa peke yake, na mimi niliurudisha. Dawa ya kudumu ilikuwepo, bila shaka, na waliokuwa nayo walikuwa wamenifungia mlango. Nilimwonyesha mama pa kubonyeza. Akasema yeye hajui mambo ya kubonyeza. Mwanamke huyo alikuwa na uwezo wa kukisia uzito wa mbuzi akiwa ng'ambo ya barabara.

Kisha miguu ikaanza kuniwasha, kama kawaida yangu. Nikasikia kuna kazi Isiolo. Nilimwambia mama mwanzoni mwa wiki. Jioni moja nilimwonyesha tena ukurasa wa mwisho, kadi, kutoa na kupokea. Alitazama dirishani.

Siku ya kuondoka alikuja stendi. Nilikuwa tayari nimetupia begi kwenye basi. Alisimama mbele ya abiria wote, akaanza, kwa sauti ya soko.

"Huyu si fundi! Wallahi, nilidanganywa. Kompyuta hajui. Hata ile sauti aliuliza watu wa simu. Amekula anjera yangu bure!"

Abiria waligeuka. Damu ilinipanda. Nilimwambia kompyuta zake zilikuwa maiti nilipofika. Nilimwambia ni nani aliyepanda paa kufunga waya wa mtandao baada ya upepo, nani aliyewafundisha makarani wawili wa maofisini kuchapa, nani aliyeketi pale kila Ijumaa watu wakiswali, ili sauti iwe tayari. Nilihesabu kwa vidole. Nilifika mkono wa pili ndipo nikamwona: alikuwa amegeuza uso upande wa daraja, mkono umeshika kona ya shuka yake, akisikiliza.

Nikashusha vidole.

"Haya," alisema taratibu, bila kunitazama. "Bei yako?"

Dereva alipiga honi. Nilipanda. Sikuwa na bei, na mtu asiyejua bei yake hawezi kukaa sokoni. Kutoka dirishani nilimwona akirudi kuelekea dukani kwa haraka, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na hakukuwa tena na mwingine wa kubonyeza. Darajani polisi walitushusha sote. Mmoja alishika kitambulisho changu, akaniuliza nilikuwa nikifanya nini Garissa.

"Kupanga sauti," nilimwambia.

Alinitazama juu mpaka chini, akanirudishia, akapita kwa mwingine.