Kofia Zilizopimwa Gotini

Kwa miaka thelathini Mama Kofia hakuwahi kupima kichwa cha mtu. Alikunja goti la kulia, akalivisha kofia ya sufu aliyokuwa akiifuma, na ikilikaa sawasawa alijua itamkaa mwenyewe. Wauza magazeti, wafagiaji wa alfajiri, walinzi, wote walitembea na kipimo cha goti lake kichwani, wala hawakujua.

Asubuhi hiyo mkuu wa walinzi wa kiwanda cha sabuni alirudi na kofia kumi na mbili alizozichukua juzi. Alivaa moja, ikamshuka hadi puani.

"Mama, vijana wangu wanalinda lango. Kwa hizi watalinda giza."

"Umenyoa."

"Tumenyoa wote kumi na wawili, Mama?"

Mkuu wa walinzi akashusha sauti: kiwandani walitaka kununua za dukani, na yeye ndiye aliyewaomba wasubiri mpaka Ijumaa. Zaidi ya hapo hangeweza kumtetea.

Alipoondoka, mkwe wa Mama Kofia, mke wa mwanawe, aliacha nguo alizokuwa akikunja, akaketi mbele yake.

"Mama, hebu nionyeshe magoti."

"Magoti yangu yana nini?"

"Ndiyo nataka kujua."

Mama Kofia alipandisha gauni polepole. Goti la kulia lilikuwa limevimba, linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Ningesema, watu wangesema mna mama mgonjwa na bado mnamfumisha."

"Sasa watasema tunauza foronya."

Mama Kofia alitaka kucheka, lakini hata kicheko kilimchosha. Alichukua kofia ya kwanza, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua. Kazi ya nusu siku ililegea mapajani mwake, uzi ukiwa bado umejikunjakunja. Kumi na moja zilibaki, na leo ilikuwa Jumatatu.

Mkwewe alifungua kitambaa chake cha kichwani, akasogea hadi miguuni pa mama.

"Pima hapa. Nitakaa hivi hivi mpaka Ijumaa ukitaka. Ila kesho tunakwenda zahanati."

"Watatuona."

"Watuone."

Mama Kofia alianza upya, akahesabu vitanzi arobaini, akasahau, akarudia.

"Basi twende mapema," alisema hatimaye, "kabla majirani hawajatoka. Na usitikise kichwa."