Fundi wa Kufuli Aliyeogopa Mlango

Mwanao anacheza na nani? Usinitajie televisheni, wala yule binamu anayeonekana siku za harusi. Nauliza mtoto wa mtu mwingine, wa nyumba nyingine, ambaye wewe mwenyewe ulikwenda kumwombea ruhusa kwa wazazi wake. Kama huna jibu, usione haya peke yako. Mtaa wetu mzima unaumwa ugonjwa huo, na mjomba wangu ndiye mgonjwa aliyezidiwa.

Zamani, wakubwa wanasema, mtoto alisukumwa nje asubuhi akarudi jioni na vumbi, kidonda na marafiki. Siku hizi kila nyumba ina geti, kila geti lina kufuli, na watoto wanatazamana kupitia nondo kama wafungwa wa magereza mawili. Ili wacheze, lazima mzazi amwendee mzazi, aombe, wapange siku na saa, utadhani kuna jino la kung'oa. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba watu waliokulia nyuma ya nondo hawawezi kujenga nchi. Nililisema hilo chuoni mbele ya ukumbi uliojaa, nikapigiwa makofi. Nililisema tena kwa jirani wa kushoto, nilipotumwa kumwombea binti wa mjomba mtoto wa kucheza naye, nikafungiwa geti. Tangu hapo situmwi tena.

Na kufuli za mageti hayo, karibu zote kaziweka mjomba. Yeye ni fundi wa kufuli. Mshona viatu wa pembeni mwa mtaa alimpa jina la Komeo, na si kwa ajili ya kazi tu. Mjomba ana mdomo mzito. Mteja akija, mjomba huisikiliza kufuli kwanza, na mteja akibaki na la kusema, atasikilizwa na yeye. Banda lake limeegemea ukuta wa nyumba yetu, maana nami naishi kwake. Ndani mna meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, ubao wa misumari uliotundikwa funguo ambazo hazijachongwa, kopo la mafuta, na redio iliyonyamaza tangu siku alipoitengeneza.

Binti yake ana miaka sita. Tunamwita Bibi, kwa kuwa amerithi jina la bibi yangu. Shule zilipofungwa, Bibi alifungua yake chini ya meza ya banda. Kufuli kubwa ndiye mwalimu, ndogo ndio wanafunzi, na moja isiyo na ufunguo ilisimamishwa nje kwa kosa la kuongea darasani. Tulikuwa tukicheka, mpaka mchana mmoja tukamsikia akiiambia ile ndogo kuliko zote, "Nyamaza usilie. Na wewe utapata rafiki."

Mke wa mjomba, ambaye ni muuguzi, alikuwa mlangoni akivua viatu vya kazi. Tulipokaa kula, alimgeukia mumewe.

"Baba Bibi," akaanza, "ng'ambo pale kuna mtoto."

Sote tulijua. Nyumba ya mbele yetu alikuwa amehamia mama mmoja mkutubi wa maktaba, na mwanawe wa kiume asiye na meno ya mbele, ambaye Bibi alikwisha kumwita Mapengo. Wawili hao walikuwa wakizungumza kwa ishara, huyu getini kwake na huyu getini kwake. Bibi akiinua kufuli, Mapengo anapitisha ulimi kwenye pengo. Urafiki ulikuwa umekamilika, ulikosa miguu tu.

"Kule tulikotoka nilibisha hodi mimi," mke wa mjomba akaendelea. "Hapa ni zamu yako. Wewe si unaingia nyumba za watu kila siku?"

"Naingia nikiitwa."

"Basi jiite."

Mjomba akajitetea kwa methali, kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mkewe akamjibu kwamba kilio kiko chini ya meza ya banda, akainame akakisikilize.

Ikabidi nimfundishe. Nilimtungia sentensi moja, fupi kama ufunguo wa sanduku: "Jirani, mwanangu anaomba mwanao aje wacheze." Mjomba akaiambia jiriwa vizuri. Akauambia ukuta, vizuri zaidi. Nilipojifanya mimi ndiye mkutubi, kijasho chembamba kikamtoka. Yeye akasema kuna hatari sijaziona. Je, mama akisema mtoto amelala? Je, akiuliza watakula nini? Je, mtoto akianguka akatoka damu? Nilizijibu zote. Mwisho akashusha sauti. Je, akikubali, akaja na mtoto, akakaa, na yeye mjomba ikambidi aongee naye? Hapo ndipo nilipogundua kwamba kukataliwa hakumtishi hata kidogo. Anachoogopa ni kukubaliwa.

Siku ya siku ikafika. Bibi alivaa viatu vya kutokea, akasimama nami getini. Mjomba akabeba sanduku la vifaa. Nikamsihi aliache, kwani mtu haendi kuombea mtoto mchezo na bisibisi. Akaniambia kwamba bila sanduku mikono yake haijui pa kukaa. Akavuka.

Mkutubi alifungua mlango, kidole kimoja kikiwa bado katikati ya kitabu. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Sentensi tuliyoifanyia mazoezi, kama alivyokuja kunisimulia, ikatoka hivi:

"Nimekuja kuangalia kitasa."

Mtu mwingine angeuliza kitasa kipi, na nani amekuita. Mama yule alimtazama mjomba, akalitazama sanduku, akasema kwa sauti ya mahali penye watu wanaosoma, "Karibu." Akasogea pembeni.

Kitasa kilikuwa kizima kabisa. Mjomba akakifungua chote, akakipangusa, akakipaka mafuta. Mapengo alichuchumaa kando yake akiuliza jina la kila springi, na kwa maelezo ya mjomba mwenyewe, ile sentensi ilimpanda kooni mara kadhaa, ikafika kwenye meno, ikarudi. Baada ya muda akarudisha kitasa, akauvuta mlango, akainamisha kichwa kwa heshima, akavuka kuja kwetu.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Kitasa kizima."

Bibi hakulia. Aliinama akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaingia navyo ndani mkononi.

Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mjomba, na nilikuwa nayo mengi, ya historia na ya siasa, niliposikia mtoto akipiga kelele ng'ambo. Mapengo alikuwa dirishani, ameshika nondo.

"Fundi, umetufungia ndani."

Mjomba akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za nyumba ile. Kitasa kile ni cha duara. Kwa ndani kina kidude cha kubonyeza ili mlango ujifunge, na kwa nje kina tundu la ufunguo. Mjomba, ambaye nasadiki anaweza kukifunga kitasa akiwa usingizini, alikuwa amekigeuza nje ndani. Kisha, kwa mazoea ya kujaribu kazi yake, alikibonyeza wakati akitoka. Nyumba ina mlango mmoja tu. Mama wa watu alikuwa ameshaita mara kadhaa dirishani, lakini aliita kwa sauti ya maktaba, kama anayemkumbusha mtu arudishe kitabu, na hakuna aliyesikia.

Mtaa usio na nafasi ya kucheza na watoto, kumbe nafasi ya kutazama unayo. Mageti yakafunguka yote, hata la jirani wa kushoto. Mshona viatu akaja na kiatu cha mteja mkononi.

"Komeo," akasema, "kazi yako ni kufungia wezi nje, na wewe umeona ufungie wenyeji ndani. Leo jina nililokupa umelilipia."

Kwa mwoga kicheko kilikwenda kweli, na kilijaza mtaa. Mjomba akafungua mlango, akageuza kitasa, akakabidhi funguo huku akitazama chini. Nilimsikia mama yule akimwambia taratibu, "Hakuna neno, fundi. Nilikuwa na kitabu."

Jioni mke wa mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwona Bibi anawapanga wanafunzi wake wa chuma, kila mmoja amempa mgongo mwenzake, na kicheko kikamwishia. Mjomba alitangaza kwamba kuanzia kesho atapita njia ya nyuma, maana hana tena uso wa kuutazama mlango ule. Mimi nikasema nitakwenda mwenyewe. Wote wawili wakakataa kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea katika ndoa yao kwa muda mrefu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya banda. Mjomba alikuwa ameipa barabara mgongo, anachonga ufunguo ambao hakuna aliyeuagiza. Nikaona vivuli viwili vimesimama kwenye ufagio wangu. Alikuwa mkutubi. Mkono mmoja kamshika Mapengo, nywele za mtoto zimechanwa kwa maji, viatu vya kutokea miguuni. Mkono wa pili kashika kufuli ya geti lao.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Mdomo wa namna ile niliujua, wa mjomba nilikuwa nimeufundisha wiki nzima.

"Imegoma," akaliambia kopo la mafuta.

Mjomba akaipokea, akaiinua kwenye mwanga. Nikachungulia begani kwake. Ndani ya tundu la ufunguo mlikuwa na njiti ya kiberiti, imesukumwa kwa uangalifu mkubwa, kichwa chake chekundu kikichungulia nje.

"Mama ndiye ali—" Mapengo akaanza. Mama yake akakohoa.

Mjomba akachukua kibano, akaitoa njiti ile kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetoa unywele kwenye chai. Akaitazama. Akamtazama mama yule, naye anatazama viatu vyake. Chini ya meza, shule nzima ilikuwa imenyamaza. Bibi alikuwa ametokeza kichwa, na kufuli ndogo kuliko zote mkononi.

Mjomba akairudisha njiti mle ndani ya tundu, polepole, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka kichwa chekundu kikapotea.

"Hii ni kazi ya asubuhi nzima, jirani," akasema. "Mwache mtoto asubiri hapa."