Kipimo Ambacho Fundi Unywele Hakukisema

Karakanani kwetu walimwita Unywele, na wageni wote walidhani ni utani wa upara wake, maana kichwa kile kilikuwa kinang'aa kuliko shafti iliyotoka kukerezwa. Kumbe jina lilitokana na vipimo. Ukimpelekea kazi aliishika, akaigeuza mara mbili karibu na dirisha, kisha akakwambia, "Hii imezidi unywele." Ukienda kuipima kwa chombo unakuta kweli imezidi, tena kwa kiasi ambacho macho yangu mimi hayajawahi kukiona hata siku moja. Mimi ndiye mtunza stoo wa karakana hiyo. Nimetoa visu vya kukerezea, vipimo na glavu pale dirishani kwa miaka ishirini na sita. Wananiita Mama Stoo, na mdomo wangu unajulikana hadi getini. Kwa hiyo nikikuambia kwamba katika habari hii nilinyamaza, ujue si kawaida yangu.

Tulikuwa tunatengeneza vipuri vya pampu za maji. Kazi kubwa ya Unywele ilikuwa bushi, kile kipande cha shaba chenye tundu katikati ambamo shafti, ule mhimili wa pampu, huzungukia. Alizikereza kwenye mashine iliyomzidi meneja umri, yenye mpini uliolika kwa kushikwa na mkono wake. Kila asubuhi aliifuta kwanza, ndipo akaanza kusalimia watu. Mkewe alikuwa akilalamika kwa utani kwamba ameolewa uke wenza na chuma, na kwamba mwenzake hupakwa mafuta kila siku ilhali yeye husubiri sikukuu. Unywele alikuwa mcheshi, mkaidi na mpenda sifa. Nayasema haya na bado nampenda, nisieleweke vibaya.

Mashine hiyo ndiyo iliyomsomesha binti wa mdogo wake. Mdogo mtu alifariki mtoto akiwa darasa la tatu. Unywele akamchukua, akamlea pamoja na wanawe, na ukimuuliza ana watoto wangapi alimhesabu bila kusita. Binti akasoma mpaka akawa mhandisi wa mitambo. Siku alipoajiriwa kwetu, kwa majaribio ya mwaka mmoja, Unywele alizunguka kila benchi akijifanya anatafuta bisibisi, ili tu aulizwe kuhusu binti yake. Kwangu aliiomba bisibisi hiyo mara nne, na mara zote nne nilimuuliza.

Injinia, kama tulivyoanza kumwita, aliletwa kwa ajili ya mashine mpya. Meneja alikuwa ametoka kwenye maonyesho ya viwanda akiwa amejaa maneno: roboti zisizochoka, vihisio vinavyojua mashine itaharibika lini, vipuri vinavyochapwa kwa unga wa chuma tabaka juu ya tabaka. Katika yote hayo sisi tulimudu kitu kimoja tu, mashine ya kukereza inayoendeshwa na kompyuta. Ilikuja nyeupe, imefungwa pande zote kama jokofu, ina kioo cha kuchungulia. Unaipa vipimo, unafunga mlango, nayo inatoa bushi moja baada ya nyingine, zote pacha. Kazi ya Injinia ilikuwa kuihamisha michoro yetu ya zamani kutoka kwenye makaratasi yaliyolowa mafuta na kuiingiza kwenye kompyuta.

Sasa kuna jambo ni lazima nilieleze, na nitalieleza kama nilivyoelezwa mimi. Bushi husukumwa kwa presi, mashine ya kugandamiza, mpaka iingie kwa nguvu kwenye mwili wa pampu. Ikishabanwa hivyo, tundu lake hupungua kidogo, kama unywele tu. Mchoro wetu ulionyesha tundu linavyotakiwa kuwa likishabanwa, lakini haukuandika hivyo popote. Aliyeuchora alikwisha kufa zamani. Mafundi waliomfuata waliuongeza ule unywele kwa kichwa wakati wa kukereza, wakauacha mchoro kama ulivyo. Kuurekebisha kulihitaji barua kwenda ofisini, na nani aandike barua wakati kila mkerezaji anajua? Basi wakastaafu mmoja mmoja na elimu yao, akabaki Unywele peke yake. Yeye alikuwa na kigingi cha chuma alichojichongea, cha ukubwa wa kidole gumba. Kikiingia kwenye tundu bila kulegea, bushi iko sawa. Alikiweka stoo kwangu, ndani ya mkebe wa dawa ya viatu.

Siku ya kuizindua mashine mpya, Injinia alipewa nafasi ya kusema machache mbele ya wageni. Alisema vizuri, kwa sauti isiyotetemeka. Katikati ya maneno yake akasema kwamba kuanzia siku ile ubora wa kazi yetu hautategemea tena mkono wa mtu mmoja. Wageni wakapiga makofi. Alikuwa na maana kwamba baba yake mkubwa sasa anaweza kuumwa mafua kama watu wengine bila kiwanda kusimama, hilo aliniambia mwenyewe baadaye. Lakini Unywele alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameegemea mashine yake, na neno likamwingia kama lilivyotamkwa. Nilimwona akiutazama mkono wake.

Wiki iliyofuata Injinia alikuja stoo kuorodhesha vipimo vyote. Unywele alimtangulia kwa dakika kumi. Akaomba mkebe wake, akatoa kigingi, akakitia mfukoni mwa ovaroli. Akasema ni chake, na kweli kilikuwa chake. Nilimtazama, akakwepa macho, nikaelewa anachofanya: anauficha ule unywele. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, maana lile jokofu lilikuwa limenikera hata mimi. Lilikuwa linaagiza visu vyake lenyewe kwa kompyuta, na niliona zamu yangu inakuja.

Injinia alipofika hakuwa mjinga, maskini. Aliutandaza mchoro wa bushi pale pale dirishani kwangu, akaweka kidole kwenye kipimo cha tundu.

"Baba Mkubwa, hiki ni kabla ya presi au baada?"

"Kabla," akasema Unywele. "Wewe kereza hivyo hivyo."

"Huwa huongezi chochote?"

"Niongeze nini, mwanangu? Si mchoro huo hapo?"

Binti akaandika. Mimi nilikuwa nahesabu glavu ambazo nilikwisha kuzihesabu. Angependa kujaribu bushi moja kwanza, lakini presi yetu ilikuwa imefunguliwa vipande vipande ili kuipisha mashine mpya, na ingefungwa tena baada ya wiki tatu. Meneja hakutaka kusikia habari za wiki tatu. Mteja angezisukuma mwenyewe kwake. Ikabaki kauli ya baba mkubwa, na kwa yule mtoto kauli hiyo ilitosha kuliko presi yoyote.

Jokofu lilitoa bushi mia tatu kwa siku mbili. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ukizipanga mezani huwezi kuona hata moja iliyopishana na mwenzake. Kosa nalo lilikuwa hilo hilo katika zote.

Baada ya siku tisa simu zikaanza. Pampu zilikuwa zinapata moto, shafti zinang'ang'ania, mota zinaungua. Mtaa mzima ulikaa siku nne bila maji. Mteja akarudisha kila kitu na barua ndefu, na meneja akaitisha kikao. Niliitwa na mimi kwa sababu ya daftari la vipimo. Tulikuwa wanne katika chumba kile chenye feni inayogonga: meneja, Injinia, Unywele na mimi.

Meneja akauliza nani alipitisha kipimo. Injinia akasema ni yeye. Akaulizwa kama aliwauliza mafundi wa zamani kabla ya kuanza. Akageuka akamtazama baba yake mkubwa, si kwa hasira, akamtazama tu na kungoja. Unywele alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nasema moyoni, sasa atasema, sasa hivi, huyu hawezi kumwacha mtoto hivi. Feni ikagonga na kugonga.

"Nilifuata mchoro," akasema Injinia. "Kosa ni langu."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliandika tu kwamba Injinia hakuthibitishwa kazini baada ya majaribio yake. Injinia akakusanya vitu vyake mchana huo, akapita dirishani kwangu, akarudisha miwani ya usalama na kusaini daftari. Nilimwambia pole. Pole, mimi niliyekuwa nimesimama pale pale wakati anadanganywa! Nilikuwa na sababu zangu, na zote zilionekana nzuri: mzee amebakiza miaka miwili astaafu, jambo ni la familia, na mtoto ana shahada, kazi hatakosa. Nimezirudia sababu hizo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikizirudia zinapungua uzito.

Baya zaidi ni kwamba Unywele alisifiwa. Meneja alimwomba akague bushi zilizorudishwa, naye akasema ongezeni unywele mmoja. Wakaongeza kwenye kompyuta, na tangu hapo jokofu halijakosea. Akapewa cheti mbele ya wafanyakazi wote kwa kuokoa mkataba. Alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja vipande vinne kabla hajafika kwenye benchi lake. Siku hiyo alikuja dirishani wenzetu wakiwa wamekwenda kula, akasema bila mimi kumuuliza:

"Nilitaka mashine iaibike, Mama Stoo. Wiki moja tu, waje wanibembeleze. Mtoto sikumwona kabisa."

Nilimwambia amwambie yeye, si mimi. Akasema atamwambia. Lakini Injinia alikwisha kupata kazi mbali, ng'ambo ya mpaka, katika kiwanda ambacho inasemekana mashine zake zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Alipiga simu sikukuu zote, alituma dawa za macho, alimuuliza mama mkubwa kuhusu magoti yake. Kila alipopiga, Unywele aliahidi kumwambia simu ijayo. Kwa mwendo huo ikapita miaka mitano. Akastaafu, mashine yake ikauzwa kwa kilo, na ugonjwa wa mtoto wa jicho ukamziba macho yote mawili. Waliokuwa wakimjua wanasema uzee umemshusha ghafla. Mimi najua kilichomshusha.

Jumapili moja asubuhi alinitumia salamu niende. Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni na yeye aliuchagua muda huo makusudi. Akanipa simu nimpigie binti, kwa kuwa namba hazioni tena, na niiweke spika, kwa kuwa mashine zilikwisha kuyamaliza masikio yake. Nikaiweka mezani kati yetu.

Walisalimiana kwa muda mrefu. Kisha akapiga moyo konde.

"Mwanangu, zile bushi. Ulipouliza, nilikudanganya."

"Nilijua, Baba Mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya kikao. Niliokota bushi zako za zamani kwenye pipa la chakavu, nikazipima. Zote zimezidi mchoro."

Mzee akatafuta leso, asiione ingawa ilikuwa gotini pake. Akauliza kwa nini basi hakusema. Binti akamwambia alikuwa anamngoja yeye aseme. Alipoona hasemi, akafikiria ile miaka miwili iliyobaki, akaona bora aondoke yeye ambaye bado ana nguvu. Aliyasema hayo taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyazoea. Unywele akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mdogo wake.

"Una hasira na mimi?"

"Sina, Baba Mkubwa. Zilikwisha. Ila mafundi wa huku wananiona mjeuri. Mzee akinieleza kitu, nakwenda kukipima mbele yake. Najua inawaumiza, na siwezi kuacha."

Binti akauliza habari za karakana, nani yupo, nani ameondoka. Halafu akauliza jambo moja zaidi.

"Na Mama Stoo? Siku ile alikuwa pale dirishani. Alijua?"

Unywele akanigeuzia yale macho yenye ukungu, mahali alipokadiria uso wangu upo. Alinipa muda, siwezi kusema hakunipa.

"Hapana," akasema. "Yeye hakujua kitu."

"Afadhali," akasema binti, na nikamsikia akishusha pumzi. "Niliwaza sana hilo. Angalau mmoja. Msalimie sana ukimwona."

"Nitamsalimia," akasema mzee.

Simu ilikuwa mezani, hatua moja kutoka kinywani mwangu, na sikusema neno.