Gari la Marehemu Kaka

Fundi wetu wa dizeli hana maneno mengi. Gari likigoma kuwaka, hulegeza nati ya bomba la mafuta na kupampu kwa kidole gumba, polepole, mpaka mapovu ya hewa yaishe. Weusi wa vidole vyake hautoki kwa sabuni.

Jana lilivutwa kwa kamba gari la marehemu kaka yake, ambalo halikuwa limewashwa tangu mazishi. Shemeji yake ndiye aliyeshika usukani. Fundi akatoa hewa kama kawaida yake, akakaza nati. "Piga stata, shemeji." Injini ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Mjane akainamia usukani akalia. Fundi akasimama mlangoni, akamkinga na macho ya wapita njia. Shemeji aliponyoosha mkono kwenye ufunguo, akamzuia.

"Usizime," akasema. "Tulisikilize kidogo."