Korosho za Biti Akibu

Wenzangu mliokulia miaka ile ya foleni ya kaniki, nyinyi mtanielewa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mtu alivaa gunia wanadhani unawachekesha. Hapa Mkunya tumevaa magunia. Mimi nimevaa, linawasha kama upupu, na sioni aibu kusema. Duka la kijiji likipata jora moja, mwenyekiti anagawa, na kwa kuwa mwenyekiti ana wake watatu, jora linaishia uani kwake. Hilo tuliache, ameshatangulia mbele ya haki.

Lakini sisi tulikuwa na bibi mzaa mama, Biti Akibu. Usichanani mwake alikuwa yaya kwa Muhindi mmoja wa duka kule Newala, na mke wa Muhindi huyo, Mama Bai, alitoka ukoo wa wafumaji huko kwao. Nyuma ya duka alikuwa na kitanda cha kufumia nguo, akamfundisha bibi. Chini yake panachimbwa shimo, mfumaji anakaa ukingoni, miguu iko shimoni inakanyaga vibao. Bibi alipochimba la kwake ndani ya nyumba, majirani wakasema mama huyu anajichimbia kaburi, mpaka mwalimu wa madrasa akaja kumnasihi. Bibi akamkalisha, akampimia kanzu. Nasaha zikaishia hapo.

Kufuma kitambaa cheupe si ajabu. Ajabu ilikuwa maua. Uzi mweupe ukishapita, bibi anachukua kijiti cha mwanzi chenye uzi wa rangi, anahesabu kwa kucha, anauchomeka hapa, anauruka pale, halafu mweupe tena. Uzi ule wa rangi ni wa kuongezea tu, nguo haiutegemei. Ukitoka ua hili kwenda lile unapita kwa nyuma, unaning'inia. Kwa hiyo mbele ni bustani, nyuma ni kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Ua lenyewe Mama Bai alisema ni embe lililopinda ncha. Bibi akamjibu, "Bai, embe gani lina mgongo hivi? Hii korosho." Mpaka leo mimi naona korosho.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu nilijifunza pale, namtengea bibi nyuzi huku natafuna ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini. Ming'oko ruhusa, mabibo marufuku. Akikuona na bibo anapiga kelele, "Mke mwenzangu, toka na bibo lako! Doa lake halitoki hata ulie!" Na kila siku alinionyesha upande wa nyuma. "Uzi huu unaouona mchafu ndio unaoshika ua. Usiuguse."

Basi, ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakamwagwa sokoni Masasi, yakapanda mpaka huku juu. Sikatai, magunia tuliyatupa, na mimi nilipata sweta lenye picha ya mnyama nisiyemjua. Linaloniudhi ni watu. Walewale waliokuja kwa bibi na kuku kwapani, "Biti Akibu, nisitiri, binti yangu anaolewa," sasa wakipita mlangoni wanamcheka. "Bibi, bado unahesabu tu? Wenzio wameshavaa!" Bibi anainamia uzi. Anahesabu.

Alikuwa anamfumia dada yangu Zuhura, aliyekuwa ndani, unyagoni. Kitambaa cha kutokea mwali, korosho nyekundu tupu, mwaka mzima, tangu mikorosho ilipotoa maua hadi ilipotoa tena. Aliniambia, "Zuhura akitoka na hii, watanyamaza." Nilijua bibi anasubiri siku hiyo kuliko hata mwali mwenyewe.

Siku moja kabla, shangazi yetu Mama Shaweji, dada yake baba, akafika juu ya lori. Yeye aliuza mitumba Masasi. Na muuza mtumba, bwana, haangalii nguo mbele. Anaigeuza kwanza, atafute mshono uliofumuka, apunguze nyuzi kwa wembe, ndipo aitundike. Bibi alikuwa ameshuka bondeni kuteka maji, na maji ya kwetu enzi hizo ilikuwa safari ya kutwa. Shangazi akakikuta kitambaa, akakigeuza.

"Mungu wangu! Mwali atoke na nyuzi zinaning'inia hivi? Si watasema tumemvika tambara?"

"Shangazi, bibi anasema..."

"Nani kakuuliza? Mkubwa anasema na wewe unasema? Shika huku, vuta."

Nikashika. Nikavuta. Akapitisha wembe nyuma ya kila korosho, krr, krr, mpaka pakawa laini kama nguo ya dukani. Akakikunja vizuri. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linanitia hasira zaidi. Bibi aliporudi, hoi, alikiona kimekunjwa, hakukifungua.

Kesho yake ngoma ikalia, Zuhura akatolewa. Vigelegele. Akaanza kucheza kiuno, na korosho ya kwanza ikadondoka. Ya pili. Zikawa zinamwagika, nyuzi nyekundu mchangani. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mwali anapukutika! Leteni vikapu, msimu umefika!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Shangazi akachomoa gauni la mtumba la kung'aa, akamfunika nalo, vigelegele vikarudi.

Bibi aliinama akaokota nyuzi. Akatazama vidole vyake. "Macho yameniishia," alisema. "Nilidhani nimehesabu sawasawa."

Shangazi alikuwa hatua mbili tu. Kimya. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya bibi. Kimya.

Wiki ileile alifukia shimo. Mbao zikawa banda la kuku. Aliishi masika mbili zaidi, akiongozwa mkono kwenda msikitini kama kipofu, na macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Hadi leo kuna wazee wenzangu wanasema nguo za Biti Akibu zilikuwa mbovu. Wakome. Zilikatwa.

Siku hizi ua la kitenge ni rangi tu, geuza nyuma huoni uzi, mvua mbili limefifia. Na watoto nao midomo! Mjukuu wangu Rehema, miaka tisa, juzi mbele ya wageni alimwambia babu yake, "Babu, sukari umemaliza wewe, usimsingizie paka." Nyumba nzima ikamvamia, adabu iko wapi, enzi zetu mtoto hathubutu. Ni kweli, hatukuthubutu. Nilikuwa nimeinua mkono nimfinye, nikaurudisha. Huyu angekuwepo siku ile, angesimama katikati ya ngoma aseme, "Bibi, si macho yako, ni wembe." Angechapwa, najua. Angelia mpaka jioni. Na asubuhi bibi angeshuka shimoni kwake, akahesabu.